Mukanda wa Siku za Hospitali

Siku ile Rigobert alivaa koti lake la Pasaka, akafunga na tai, jua likiwaka namna ile, akaenda ofisi ya cité, mtaa wao, kifua mbele. Mdogo wake Zéphirin, seremala wa Cité Albert, alikuwa anaingia hospitali kupasuliwa ngiri. Watu walikuwa wamemwambia Rigobert kwamba mgonjwa anaweza kuandikisha mukanda, karatasi ambayo wazungu wanaiita procuration, ili mtu mwingine ashike mambo yake ya pesa mpaka yeye atoke. Na mtu huyo angekuwa nani kama si kaka mkubwa? Nani alimlea Zéphirin baba yao alipokufa kwenye reli? Nani alimtolea mahari? Rigobert alitaka kitu kimoja tu duniani: aonekane yeye ndiye mkubwa wa nyumba ile.

Karani akachovya kalamu. "Anayepewa nguvu ni nani?"

"Bibi yangu, Albertine," Zéphirin akajibu. "Na yaya wangu huyu, kaka yangu mukubwa, iko témoin."

Témoin! Shahidi! Yaani amekuja na koti na tai kutazama mwanamke akipewa! Karani akasoma kwa sauti: Albertine atanunua mbao za mabenchi ya kanisa, atapokea malipo, atalipa wafanyakazi, mpaka mumewe atoke hospitali. Halafu akacheka. "Na bwana akikufa, mukanda nayo imekufa." Rigobert akatia sahihi kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Tangu hapo hakuona raha. Akitoka kazini kwenye reli, alikokuwa kapita, msimamizi wa watu wengi, miguu ilimpeleka yenyewe karakana ya mdogo wake. Akiuliza bei ya meza, wafanyakazi wanamjibu, "Uulize mama." Mama! Mtoto wa juzi! Na Albertine hakumkosea adabu hata kidogo, hilo ndilo lilimchoma zaidi. Alimletea maji kwa mikono miwili, akapiga goti. "Karibu, yaya. Unywe kwanza." Na ufunguo wa karakana unaning'inia kiunoni mwake, unalia kila akitembea.

Siku moja akamwona kwa Mgreki muuza mbao. Mgreki amempa kiti! Yeye Rigobert, kapita mzima, amepita pale miaka na miaka, hajapewa hata sanduku la misumari akalie.

Zéphirin akapasuliwa Jumanne. Hospitali haikuruhusu wageni ila Alhamisi na Jumapili, kwa hiyo Jumatano hakuna mtu wa nyumbani aliyejua ameamkaje. Jumatano hiyo hiyo Rigobert akapita kwa Mgreki, akakuta mbao za Albertine zinapakiwa kwenye kamio, lori la mizigo. Damu ikamchemka.

"Shusha," akamwambia dereva. "Ule mukanda hauna nguvu tena. Mwenyewe amekufa."

Lilimtoka hivyo tu. Hakumtakia mdogo wake mabaya, hapana jamani. Alitaka mbao zishuke, Albertine arudi mikono mitupu, aje kwake analia: yaya, nisaidie. Basi. Lakini dereva wa kamio alikuwa mtu wa kwao, wa Manono, na aliyetamka kifo ni kaka wa marehemu mwenyewe. Nani angemwuliza mara ya pili? Dereva akaacha mbao, akakimbiza habari nyumbani kwa Zéphirin.

Rigobert alipofika kwa mdogo wake, kilio kimekwisha kuwaka. Mikeka imetandikwa uani, moto umewashwa, wanawake wanajitupa chini. Albertine ameketi kwenye udongo, kitambaa kimevuliwa kichwani. Na kama ilivyo desturi, wa upande wa mume walikuwa wameanza kutoa vitu nje: cherehani, kabati, mpaka sufuria lenye mboga ndani. Tantine Madeleine, shangazi yao, alikuwa amekwisha kumfungua Albertine ule ufunguo kiunoni.

"Yaya," Albertine akasema, sauti imekauka, "maiti iko wapi? Mimi bibi yake, na nimesikia kwa bantu ba njia?"

Neno moja lingetosha kuwanyamazisha wote. Rigobert akafungua mdomo. Pale pale tantine akamtia ufunguo mkononi. "Chukua, baba. Sasa wewe njo mukubwa wa hii nyumba."

Aa, watu! Ufunguo ulikuwa bado na joto la kiuno cha yule mwanamke. Rigobert akaufumba mkononi, akainamisha kichwa, akalia pamoja nao. Alilia kweli, machozi na kamasi, na ndani ya moyo alikuwa anafurahi.

Ndipo Désiré, mwuguzi jirani yao, akaingia na baiskeli, bado na kanzu yake nyeupe ya kazi. "Munalilia nani?"

"Zéphirin!"

"Zéphirin gani? Mimi nimemuacha sasa hivi, anagombana na masista, anataka chai!"

Kilio kikakatika. Mtu aliyebeba cherehani akaiweka chini, akaibeba tena, hajui airudishe ndani au akimbie. Halafu macho yote yakamgeukia Rigobert. Albertine akasimama, akajifunga kitambaa chake. Rigobert akatoka hivyo hivyo, ufunguo mfukoni.

Alhamisi akaenda hospitali. Zéphirin alikuwa amelala chali, midomo imepauka. Désiré alikuwa amekwisha kumweleza yote.

"Mudogo wangu, nisamehe. Ni wivu. Wivu tu."

"Wivu ya nini, yaya? Ule mukanda ilikuwa ya siku za hospitali. Ya mbao, ya misumari. Nikasema, yaya ni muntu mukubwa, nisimusumbue na misumari." Akapumua, mkono juu ya kidonda. "Mbele ya kunipasua, niliita padri. Nikamwambia, nikikufa, batoto bangu, bibi yangu, karakana, yote iende kwa Rigobert. Yeye peke yake. Ile haikukuwa na siku ya kuisha."

Rigobert akashika chuma cha kitanda.

"Leo nimeita padri tena," Zéphirin akasema. "Wewe ulishanizika, yaya. Siku nitakufa kweli, atanizika mwingine."

Akanyoosha kiganja. Rigobert akautoa ufunguo mfukoni, akamrudishia.