Kofia Mbele

Mimi sijawahi kuwapenda trafiki, na sitaanza leo kujifanya nawapenda. Naitwa Justin, bodaboda wa kijiwe cha Viwanja Sitini hapa Ifakara, mwaka wa kumi na moja sasa. Mtu akikwambia anafurahia kupigwa mkono na trafiki kwenye jua la saa nane, abiria nyuma anafoka kachelewa, huyo ni muongo au ana shemeji trafiki.

Mwaka jana walituzidi. Difenda la doria linapita asubuhi, linapita jioni. Pale Kona ya Mashine, barabara ya Michenga inapoingia mjini, akawekwa trafiki wa kudumu, afande Stefania, mwanamke mrefu mwenye sare nyeupe isiyoshika vumbi, sijui kwa dawa gani. Siku moja alinipiga mkono mara tatu. Mara tatu! Asubuhi leseni, mchana kioo cha pembeni, jioni kofia ya abiria. Nikamuuliza, "Afande, kwani hunikumbuki?" Akasema, "Nakukumbuka sana, Justin. Ndiyo maana nakusimamisha." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kijiweni tulibishana kila siku. Zubeiri, mwenye duka la mchele mkabala na kijiwe, aliwatetea. "Tangu difenda lianze kupita, kufuli langu halijaguswa. Nyie mnawachukia kwa sababu hamna leseni." Nikamwambia yeye alinde magunia yake, mambo ya barabara atuachie wenyewe. Wengine walisema doria ni nzuri ila ukaguzi ni usumbufu mtupu. Wengine walisema wakiiona tu ile nguo nyeupe moyo unawadunda, hata kama hawajafanya kosa. Mke wangu Dativa alikuwa upande wa Zubeiri, na sababu yake ilikuwa moja tu, Angelina.

Angelina ni mtoto wetu, hatukujaliwa mwingine. Alikuwa darasa la pili, na shule yao iko palepale Kona ya Mashine, ng'ambo ya barabara. Kona ile ni mbaya. Malori ya mpunga yanaikata kwa kasi, na jengo la mashine ya kukoboa, iliyokufa zamani, linaziba macho, huoni kinachokuja. Stefania alikuwa anasimamisha magari, anawashika watoto mikono, anawavusha. "Huyo unayemsema vibaya," Dativa alikuwa akiniambia, "ndiye anayemvusha mwanao."

Mwezi wa pili wakubwa wa polisi wakaitisha mkutano kusikiliza maoni ya wananchi. Nilisimama mimi. Mdomo ninao, nakiri. Nilisema mji wetu si gereza, nilisema mtu anatoka nyumbani kwenda sokoni anajieleza mara tatu kama mhalifu, nikasema mpaka nikapigiwa makofi. Wiki mbili baadaye Stefania akahamishwa, kona ikabaki tupu. Kijiweni walininyanyua juu kwa juu.

Dativa hakunipongeza. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso. "Umemwondoa, sawa. Sasa Angelina utamvusha wewe. Kila siku saa sita mchana uwe pale. Sitaki kusikia abiria, sitaki kusikia pancha." Nikaapa. Na kwa miezi miwili sikukosa hata siku moja, Dativa mwenyewe ni shahidi.

Sasa lazima niwaeleze kofia, bila hiyo hamtanielewa. Sisi madereva wa huku tuna ishara yetu. Ukikutana na mwenzako, na huko anakokwenda umewaacha trafiki, unaweka kiganja juu ya kichwa. Maana yake, kofia nyeupe mbele. Mwenzako anakata njia ya panya, anapita kwenye majaruba ya mpunga, anatokea mjini kwa nyuma. Ishara ikasambaa. Wauza mahindi, wachunga ng'ombe, wanawake wa shambani, wote wakawa wanatupa kofia bila kuombwa. Wazee hawakuipenda kabisa. Mama mkwe wangu, Eufrasia, alinikaripia mbele za watu: "Mikono kichwani inawekwa msibani. Nyie mnamlilia nani barabarani?" Nikamwambia mama, mambo yamebadilika.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano, mvua zinaishiaishia. Nilimpeleka Zubeiri Michenga kuangalia mpunga wa kununua, akabaki hukohuko. Saa tano kasoro nikaanza kurudi peke yangu. Muda ulikuwepo tele. Leseni yangu ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa tatu, lakini nani wa kuniuliza?

Kwanza barabara ilikuwa kimya. Msimu kama ule ina matrekta, ina baiskeli zenye magunia, ina watoto wanaofukuza ndege. Siku ile hakuna. Mpunga umesimama tuli, hata suke halitikisiki. Nilisikia injini yangu tu.

Kisha akaja Yoramu, mwenzangu wa kijiweni, kwenye pikipiki yake nyekundu. Nikapiga honi. Hakujibu. Alinipita polepole, kiganja juu ya kichwa, ananitazama usoni, hacheki. Yoramu asiyecheka! Yule hata ukiwa umefiwa atakutafutia utani. Nikageuza shingo kumwita, barabara ilikuwa tupu. Nikasema labda kakata kwenye mpunga, ila mpunga nao haukutikisika.

Mbele kidogo nikaona wanawake watano wamesimama kwenye jaruba, maji yamefika magotini, wamejipanga mstari mmoja. Wote wameweka kofia. Nikawapungia, hawakupunga. Nikapaza sauti, "Asanteni mama zangu, shikamooni!" Hakuna aliyesema marahaba. Mwanamke wa huku aache kuitikia shikamoo, umeona wapi?

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyekaa chini kando ya barabara, miguu ameinyoosha mbele. Huyo aliweka mikono yote miwili. Nikapunguza mwendo, nikajichekesha ili woga unitoke. "Bibi, mmoja unatosha! Kwani wako wangapi leo?" Alinitazama tu, machozi yanamtoka, nami nikasema ni macho ya uzee. Nikapiga hesabu yangu mwenyewe: mikono miwili, basi trafiki ni wengi, na difenda juu. Wamerudi.

Nikawaza harakaharaka. Leseni sina. Wakinikamata, pikipiki inalala kituoni, mimi nashinda huko najieleza, na saa sita nani atamvusha Angelina? Kwa ajili yake, jamani, naapa ilikuwa kwa ajili yake, nikakata kushoto nikaingia njia ya panya.

Mvua zilikuwa zimeiharibu ile njia. Nilizama kwenye tope mara mbili, nikasukuma pikipiki huku nawatukana polisi na ukoo wao mzima. Nilipotokea mahali mpunga unapoachia na Kona ya Mashine inaonekana, kama mita mia tatu hivi, ilikuwa saa sita na robo imeshapita.

Nikaona watu. Wengi, wamejaa barabarani. Katikati yao yupo mtu mwenye nguo nyeupe, anapiga mkono kusimamisha vyombo. Pembeni wanawake wameweka mikono kichwani. Likaja gari kutoka mjini, likapunguza mwendo, likageuza, likarudi lilikotoka. Ikaja bajaji, nayo ikageuza. Pikipiki mbili zikafika, zikawaona wale wanawake, zikaingia kwenye mpunga. Nikasema kweli leo ni operesheni. Nikazima injini, nikailaza pikipiki kwenye mpunga, nikachuchumaa.

Na hapa ndipo mnihukumu. Nilipata nafuu. Nilisema moyoni, kama trafiki wapo, basi watoto wameshavushwa. Leo mwanangu yuko salama kuliko siku zote. Mimi, Justin, niliyeongea mkutanoni mpaka nikapigiwa makofi, nilijificha kwenye mpunga nikawashukuru trafiki.

Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha njano akatoka kwenye kundi, akasimama peke yake. Akaweka kitu sikioni. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Dativa. Nikaiacha iite mpaka ikakata, maana angeuliza nimefika wapi, na sikutaka kelele. Yule mwanamke akashusha mkono. Akaupandisha, simu ikaita tena. Tulifanya hivyo mara nne, yeye kule na mimi huku. Kitenge kile cha njano nilikichagua mwenyewe dukani, na bado sikuunganisha.

Kisha yule mwenye nguo nyeupe akageuka upande wangu. Akapiga mkono, akapiga mikono yote miwili, akaja hatua kadhaa kuelekea mpungani huku anapiga kelele nisizozisikia vizuri. Nikasema ameshaniona huyo. Nikajilaza kifudifudi kwenye maji, sikuinua kichwa.

Ilipokaribia saa saba nikachungulia. Watu walikuwa wanaondoka kwa miguu kuelekea mjini, kundi zima, wameshika ncha za kitenge, wamebeba kitu katikati. Nikangoja wapotee. Nikarudi mpaka barabarani, nikaja taratibu kama mtu anayetoka Michenga moja kwa moja.

Hapakuwa na trafiki. Hapakuwa na difenda. Alikuwepo mwalimu Scolastica peke yake, mwalimu wa darasa la pili, amekaa chini kwenye lami, blauzi yake nyeupe imelowa damu mpaka kiunoni. "Baba Angelina," akasema, "tumesimamisha kila chombo. Kila tukitaka kumbeba chombo kinatokea, tunangoja. Wakiwaona kina mama wameshika vichwa, wanageuza. Wote wanageuza."

Lori lilimgonga saa sita na dakika tano, wala halikusimama. Wenzake walivuka wenyewe. Yeye alikataa, akawaambia anamngoja baba yake. Alikuwa amesimama pembeni kabisa, mahali nilipomwonyesha asimame, lori ndilo lililomfuata. Alikata roho mikononi mwa mama yake karibu na soko, wakiwa bado wanatembea. Daktari alisema kilichomuua ni kuvuja damu tu. Alisema angefikishwa dakika ishirini mapema, tungekuwa tunaongea mengine. Matope yalikuwa yameniganda mpaka kifuani, hakuna aliyeniuliza ya wapi.

Baada ya mazishi nilimuuliza Yoramu kwa nini siku ile hakujibu honi yangu. Akanishangaa. Alhamisi ile alikuwa Masagati, mbali kabisa na Ifakara, alikwenda tangu Jumanne, mvua ikamfungia huko, na abiria wake yupo, anashuhudia. Nikaenda Michenga kulitafuta lile jaruba la wanawake watano. Wenyeji wakanionyesha. Lilishavunwa kabla ya Alhamisi ile, ni mabua makavu, hata maji hayamo. Bibi wa kando ya barabara hakuna anayemjua.

Kinachonikosesha usingizi ni saa. Mimi niliwapita wale watu saa tano. Saa tano mwanangu alikuwa darasani, mzima, anaandika. Wale watu waliweka mikono kichwani kwa msiba ambao haujatokea, na mimi, kwa akili zangu za kijiweni, nikasoma kofia. Nafikiri walikuwa wananiambia niwahi. Ningenyoosha barabara, ningefika saa tano na nusu.

Mkutano wa pili uliitishwa, na safari hii watu walipiga kelele warudishiwe trafiki. Walewale walioninyanyua ndio waliopiga kelele zaidi. Stefania amerudi kona, anavusha watoto. Sasa hivi kijiweni wameshaanza tena kumlalamikia, na wananitazama mimi niseme neno. Sisemi.

Dativa hanilaumu, na hilo ndilo linaloniua. Anasema, "Ulikuwa barabarani, usingeweza kupokea simu." Watu wakinisema, ananitetea. Anayemtafuta ni mtu mwingine. Mwalimu Scolastica amemwambia kwamba aliona pikipiki ikizimwa mpungani, akamwona mwenye pikipiki, akamwita kwa mikono miwili, na yule mtu akajilaza chini. Sura hakuiona. Dativa ameapa kwamba mtu huyo lazima amjue kabla hajafa. "Ana chombo kizima, Justin. Anamwona mtoto anakufa, anajificha. Huyo si mtu. Nyie madereva mnajuana, ulizia."

Kila jioni nikirudi ananiletea maji ya kunawa, ananishikia taulo, ananiuliza kwa upole, "Umempata?"

Nanawa. Namwambia bado, mke wangu, naendelea kuulizia.