Mbu wa Msingi wa Venance

Enesi alikuwa anapukuchua maharage mlangoni pale mkwewe, Yudita, aliporudi kutoka zahanati na mwanawe Happy mgongoni. Mtoto alikuwa amepimwa na kukutwa tena na malaria.

“Hayo mambo ya kwenu Kamsamba,” Enesi alisema. “Hapa Tunduma kuna baridi. Mbu umekuja nao wewe, kwenye yale magunia ya mpunga.”

“Sasa Mama, mbu akae guniani anakula nini?”

“Unanijibu? Ijumaa upande basi, urudi kwenu mpaka mvua ziishe. Mjukuu wangu anabaki.”

Yudita aliponda dawa mseto kwenye kijiko, akamnywesha mtoto, kisha akaanza kukunja nguo zake.

Magharibi mbu akabisha hodi. Alisimama kizingitini, akapangusa miguu, akamwamkia Enesi kwa Kinamwanga safi, kile cha watu wa hapa mpakani. Enesi akaitikia, akamuuliza anatokea upande gani.

“Hapo nyuma tu, Bibi, kwenye msingi wa Venance. Mama kazaliwa hapo, na bibi yangu pia. Maji yametulia, jua linapiga vizuri.”

“Na Kamsamba?”

“Tunapasikia tu. Wanasema kuna joto sana.”

Venance, jirani yao, alikuwa amechimba msingi wa gesti, akautelekeza, mvua zikaujaza. Enesi alikuwa akiupita kila akienda sokoni.

Alimwambia mbu leo hakuna chakula, akafunga mlango. Kulipokucha alikwenda bustanini, akafungua chandarua cha kliniki alichokuwa amezungushia miche ya kabichi kuku wasiidonoe, akakifua, akakitundika juu ya kitanda cha Happy. Nguo za Yudita akazirudisha kabatini mwenyewe.

“Mama, na Ijumaa?”

“Ijumaa tuna kazi.”

Ijumaa walikuwa msingini wakikomba maji kwa ndoo. Happy, homa imeshuka, alikuwa anatafuna muwa pembeni. Venance akapita na gari, akateremsha kioo.

“Mama, nasikia mkweo katuletea malaria toka Kamsamba?”

“Malaria imezaliwa kwako. Fukia shimo lako.”

“Nikipata nafasi.”

Kioo kikapanda.

Jioni mvua ikanyesha, msingi ukajaa tena. Asubuhi mkwe na mama mkwe walirudi na ndoo zao, wakakuta majirani wawili wameshaanza kukomba. Mbu alikuwa amewapitia na wao, akajitambulisha.