Sikio la Twiga wa Kantini

Siku ya Jumatano, saa nne ya asubuhi, Godelive alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya kantini ya hoteli, beseni la sambaza katikati ya magoti, anawatoa matumbo kwa ukucha wa kidole gumba. Sambaza ni samaki wa ziwa, wadogo kama kidole cha mtoto, na beseni moja lina mamia yao. Mtu wa haraka hawezi kazi hiyo. Godelive alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa, na ukucha wake wa kulia ulikuwa umechongeka kama kijiko.

Mbele yake Eulalie alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mlangoni alisimama Jean-Marie wa mapokezi, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, anawasomea barua. Ilitoka kwa dada yake Apolline, aliyekuwa anaishi Ubelgiji. Ilikuja kwa mkono wa padri, ikapitia Kamembe ng'ambo ya mpaka, ikatumia wiki sita.

"Anasema likizo balienda mu parke moja kubwa ya michezo," Jean-Marie alisema. "Munaingia mu kagari, banawafunga mukaba, kagari kanapanda juu, juu, kisha kanaanguka na nyinyi ndani. Bantu banapiga makelele kabisa."

Eulalie akasimamisha mchi. "Balikosa nini?"

"Hawakukosa kitu. Balilipa."

"Balilipa ju ya kuogopa?" Eulalie alicheka mpaka kikwembe kikamlegea. "Umwandikie bakuje Bukavu. Huku tunaogopa bure, na mukaba hakuna."

"Na chakula?" Godelive akauliza, kwa sababu ndicho kitu alichotaka kujua siku zote.

"Unashika sinia, unaisukuma ku meza ndefu, banakutilia viazi vya kukaanga na sosisi. Mukate iko kama sponji. Anasema alikula, alipomaliza akatafuta mu tumbo kitu alikula, hakukiona."

"Bugali hakuna?"

"Maman Godelive, bugali itoke wapi kule? Lakini ku hoteli yabo, mutoto wa chini ya myaka kumi na mbili analala bure. Élie wake iko na myaka kumi na moja. Ni mwaka wa pili sasa iko na kumi na moja."

"Kama hapa tu," Eulalie alisema.

"Kama hapa. Ila ku kagari hawaulize myaka. Kuko mutu wa mbao amenyoosha mukono. Mutoto akipita chini ya mukono, hapande. Élie alipita chini. Akalia mpaka ku hoteli."

Godelive alimtupia paka matumbo. "Alilia ju hakufika?"

"Ndiyo."

"Pole yake," Godelive akasema, akachukua sambaza mwingine.

Hakuna aliyecheka tena. Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Kantini ile ilikuwa na twiga wake. Mwenye hoteli wa kwanza, mzungu mmoja mnene aliyependa hesabu zake ziwe safi, ndiye aliyemchoresha ukutani karibu na dirisha la kugawia chakula. Aliona wazazi wanawapunguzia watoto miaka ili wale nusu sahani. Akasema mdomo unadanganya lakini ukuta haudanganyi. Sikio la twiga likawekwa kwenye mita moja na sentimeta arobaini. Asiyefika sikio alipigwa mhuri wa bluu kwenye kifundo cha mkono, DEMI, maana yake nusu. Aliyefika alipewa sahani nzima, na siku hiyo ya kwanza kantini yote ilimpigia makofi, hata wapishi walitoka jikoni. Watu wengi wa Bukavu wenye ndevu leo walipigiwa makofi pale, na wanakumbuka walikula nini.

Vita ya pili ya nchi hii ilipokuja, wenye bunduki walichukua ghorofa ya juu ya hoteli. Komanda wao alikuwa mtu wa utaratibu, anayetundika taulo yake kwa kuikunja mara mbili. Alikuta twiga yuko tayari, mhuri uko tayari, akafurahi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, lori lilisimama uani na watoto wa kiume wakapita mmoja mmoja mbele ya ukuta. Aliyefika sikio alipanda lori. Asiyefika alipigwa mhuri, na mwenye mhuri hakuguswa na doria juma zima, iwe Nyawera, iwe Kadutu. Asiye na mhuri alikamatwa njiani bila kupimwa. Ndiyo maana wazazi waliwaleta watoto wenyewe, wamewaogesha, wamewapaka mafuta.

Makofi hayakupigwa tena. Ila hakuna aliyetoa amri yasipigwe.

Mwezi wa pili wa mwaka ule twiga alianza kuinama. Juma la kwanza sikio lilishuka mpaka mita moja na thelathini na sita. Juma la pili, thelathini na moja. Shingo iliyokuwa imenyooka kama mlingoti ilipinda pole pole, na rangi haikupasuka. Komanda alimwita Zagabe, fundi wa rangi wa Cimpunda, amnyooshe, kwa sababu hakupenda kitu kinachobadilika bila barua. Zagabe alikwangua, akachora shingo upya Jumatatu, akaondoka. Kufikia Alhamisi shingo mpya ilikuwa imeinama na ubichi wake.

"Rangi yangu iko sawa," Zagabe alisema alipoitwa tena, akipapasa ukuta. "Ni mwenyewe ameinama. Mimi sina la kumufanyia."

Komanda akakubali. Watoto waliofika sikio walizidi kuwa wadogo, na lori lilijaa mapema, jambo ambalo halikumsumbua.

Godelive alikuwa na mjukuu, Sagesse, wa miaka kumi. Mama yake Sagesse alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu kabla ya barabara kufungwa kwa raia, na tangu hapo walibaki wawili kwenye chumba kimoja Cimpunda. Kwenye fremu ya mlango Godelive aliweka alama za makaa. Mtoto alikuwa na mita moja na sentimeta ishirini na nane. Mwezi wa tatu sikio lilikuwa thelathini.

Kwa hiyo Godelive akampunguzia chakula. Hakumwambia. Kantini alikula nusu kwa sheria ya hoteli, na nyumbani akala nusu kwa sheria ya koko, bibi yake. Bugali kama ngumi moja, sambaza sita, na maziwa yakatoka kabisa. Godelive aliona mifupa ya mabega inachomoza chini ya shati, akalishona shati vizuri ili isionekane. Kila jioni alimpima, na alama ilipogoma mahali pake alilala usingizi.

Sagesse yeye alitaka kufika. Alikuwa amesikia habari za makofi.

"Koko, nikifika ku sikio nitakula sahani muzima?"

"Simama vizuri, usinyooshe vidole vya mguu."

"Sinyooshe. Ni miguu tu iko hivi."

"Teremusha kisigino, wewe mwongo."

Akateremsha, akicheka. Sentimeta ishirini na nane.

Alhamisi, siku moja baada ya barua ya Apolline, Godelive alifungua kantini saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Kikapu cha majani ya muhogo alichokiacha chini ya ukuta kilikuwa na vijiti vitupu. Halikuwa jambo jipya. Miezi miwili alikuwa anawalaumu panya. Lakini siku hiyo, alipoinama kukiokota, uso wake ulikutana na uso wa twiga, na kwenye midomo ya twiga kulikuwa na maji ya kijani, mabichi. Godelive akashika ncha ya kikwembe akamfuta, kama anavyofutwa mtoto. Kisha akakaa kwenye benchi akafikiri.

Zamani kikapu kilikaa juu, kwenye rafu ndefu iliyopita kichwani mwa twiga. Bonane iliyopita, sikukuu ya mwaka mpya, askari waliing'oa rafu wakaipasua kuni za kupikia mbuzi. Tangu hapo kikapu kilikuwa chini, kwenye sakafu.

Eulalie alipofika alimwambia, "Twiga iko na njaa. Anainamia majani."

"Nani hana njaa?" Eulalie akasema, akivua viatu. "Tunafanya nini?"

"Tuinue kikapu."

Wakasukuma kabati la sahani mpaka karibu na ukuta, lile refu la mninga ambalo watu wanne walikuwa wanaogopa kulisogeza. Godelive akapanda juu ya meza, Eulalie akamshika kiuno, kikapu kikawekwa kileleni na majani mabichi ya Nyawera. Walipomaliza waliketi wakatoka jasho, wakatwanga sombe ya watu kwa majani yaliyobaki. Mchana shingo ilikuwa imeshaanza kunyooka. Jioni hiyo Godelive alimpa Sagesse sambaza kumi na mbili. Mtoto aliwahesabu mara mbili, akamwangalia, akala haraka kabla koko hajabadilisha mawazo.

Ijumaa sikio lilikuwa mita moja na sabini.

Watoto walioletwa walikuwa sitini na mmoja. Walipita mmoja mmoja na hakuna aliyefika, hata wale wa miaka kumi na tano wenye sauti nzito, waliokuwa wamefichwa mpaka habari ya shingo ilipoenea. Askari wa mhuri alipiga mpaka wino ukafifia, akakitemea mate kibweta cha wino, akaendelea. Nje lori lilikuwa tupu, dereva anasinzia. Akina mama waliosimama kwenye uzio hawakupiga vigelegele. Walikuwa wanahesabu vichwa. Sagesse alipita wa mwisho, akapigwa mhuri, akanyanyua macho kuliangalia sikio lilivyo mbali, na uso ukamshuka.

Ndipo Komanda akateremka, amevaa ndala, mswaki mdomoni. Akautoa.

"Twiga ameinuka."

"Ndiyo, Komanda," Godelive alijibu kutoka dirisha la chakula. "Anakulia juu."

"Nani alimuwekea?"

"Ni mimi. Chini kulikuwa panya."

Komanda aliangalia kabati, akaangalia kikapu, akaangalia twiga anavyotafuna pole pole. Akatikisa kichwa kama mtu anayeona kazi iliyofanywa vizuri. "Ni vema. Mnyama lazima ale."

Kisha akanyoosha mkono kwa mlinzi wake bila kumtazama, akapewa bunduki. Aliisimamisha sakafuni, kitako chini, mdomo juu, kando ya mtoto aliyekuwa karibu. Mtoto huyo alikuwa Sagesse. Mdomo wa bunduki ulimfika kifuani.

"Hii haili," Komanda alisema.

Akarudisha mswaki mdomoni akapanda ngazi.

Walipima upya wote sitini na mmoja, mihuri mikononi. Bunduki ile haikumpita kimo hata mmoja. Upimaji ulikwenda haraka kuliko wa twiga, kwa sababu hapakuwa na haja ya kusoma sentimeta. Mama mmoja kwenye uzio alimwonyesha askari mhuri wa mtoto wake, DEMI, bado wino haujakauka. Askari alimwambia kwa upole kwamba mhuri huo ni wa chakula.

Godelive alikuwa ameshachukua sahani. Alitia bugali mpaka ukingoni, sombe, sambaza vijiko vitatu, mafuta ya mawese yakielea juu, akatoka nayo uani ameishika kwa mikono miwili. Sagesse alikuwa tayari juu ya lori, amebanwa kati ya wakubwa. Alimwona.

"Koko! Nimefika?"

"Umefika, baba."

"Kwa hiyo ile ni yangu?"

"Ni yako. Yote."

Mtoto akanyoosha mkono, ule wenye mhuri. Godelive akainua sahani juu ya kichwa chake, amesimama kwa vidole vya miguu, visigino vimeachana na ardhi. Kati ya sahani na mkono ulibaki upana wa kiganja. Dereva alikuwa ameamka. Lori likatoka kwenye geti, likashika njia ya Kamituga, na mchuzi ukamwagika kidogo kwenye mkono wa Godelive, bado wa moto.

Alirudi jikoni akaifunika sahani ile kwa sahani nyingine.

Twiga aliachwa palepale. Kila asubuhi Godelive anapanda meza, Eulalie anamshika kiuno, na kikapu kinajazwa, kwa sababu mnyama ameshazoea na si kosa lake. Anakula vizuri, amenenepa shingo. Kwa kuwa sikio liko sabini, watu wengi wa kantini wanakula nusu sahani, hata mwalimu mmoja mfupi wa chuo, na hakuna anayelalamika. Ijumaa bunduki inaletwa kutoka juu na inarudishwa juu.

Baada ya Pasaka barua nyingine ilifika. Godelive alikuwa kwenye kigoda chake na beseni lake. Jean-Marie alisita mlangoni, miwani mkononi.

"Soma tu," Godelive akamwambia.

"Anasalimia. Anasema baridi imepungua. Anasema..." Jean-Marie akashusha karatasi. "Anasema balirudi mu ile parke. Élie amekomaa. Safari hii alifika ku mukono wa mutu wa mbao, akapita na sentimeta mbili. Bakamuruhusu kupanda."

Eulalie akaacha kutwanga.

"Na alirudi?" Godelive akauliza.

"Nani, maman?"

"Mutoto. Alipopanda. Alirudi?"

Jean-Marie akaitafuta mistari kwa kidole, akageuza karatasi.

"Alirudi. Anaandika ilikuwa dakika tatu."

"Dakika tatu," Godelive akasema. Akachukua sambaza mwingine, akamfungua tumbo kwa ukucha.