Siku Waliyokuja Kuniulizia

Stoo ya viazi ya nyanya yangu haina dirisha. Ina mlango wa mbao, na kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya kupitisha kidole, ndiyo sababu niliweza kuwaona wale wanaume wawili wakiingia langoni petu. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye koti la kahawia. Mwingine alikuwa kijana aliyevaa miwani ya jua, na huku Endarasha mwezi huo jua lenyewe tulikuwa tumelisahau. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya magunia, naogopa mpaka meno yanagongana.

Afadhali nieleze kwanza, la sivyo mtadhani mimi ni mwizi.

Nilikuwa nimeomba kuingia jeshini kama kadeti, yaani mtu anayefunzwa kuwa afisa. Ukichukuliwa, jeshi linakusomesha chuo kikuu mpaka umalize, unatoka na digrii na cheo begani. Mimi nataka uinjinia. Chuo kilikuwa kimeniita mwaka uliotangulia, nikashindwa na karo, na hilo sitalizungumzia kwa sababu nikianza nitakasirika na siku itaisha. Basi nikaomba ukadeti. Nikapita mbio, nikapita kupimwa meno, macho na miguu, nikapita mahojiano mbele ya maafisa walionitazama kana kwamba nimewaibia kuku. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu.

"Watu wetu watakuja kwenu kuuliza habari zako," waliniambia. "Hatusemi lini. Wakikuta unajulikana kwenu, utasikia kutoka kwetu. Wakikuta hujulikani, basi."

Nilipomwambia cucu, maana ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku, alifurahi sana. Jina lake ni Wakiuru na ndiye aliyenilea. Kichwani mwake wangekuja watu wenye sare zilizopigwa pasi, chifu akiwa mbele, na majirani wangesimama uani kunisifu mmoja baada ya mwingine kama kwenye harambee. Mimi pia nilifikiria hivyo. Hakuna aliyetuambia kwamba watu wa jeshi huja wamevaa nguo za kawaida, ndani ya gari jeusi lenye vioo vya giza.

Gari la namna hiyo lilikuwa limewahi kufika kwetu. Wakati vijana walipoandamana mjini Nyeri, mimi nilikuwepo, na Kingori, mtoto wa jirani yetu Kagure, alikuwepo. Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma yake na bango. Siku chache baadaye wanaume wawili wenye adabu zao walifika kwa Kagure wakasema wanamtafuta Kingori kuhusu kazi aliyoomba. Kagure alifurahi, masikini. Akanyoosha mkono akawaonyesha: yuko kule chini anapalilia kabeji. Akawakaribisha chai, wakasema wana haraka.

Kingori alipatikana zaidi ya mwezi baadaye, ametupwa kando ya barabara mbali na hapa. Yuko hai. Hasemi alikuwa wapi wala kwa nani, na akisikia gari likipunguza mwendo huingia chini ya kitanda, mwanamume mzima mwenye ndevu. Kagure naye tangu siku hiyo haonyeshi mtu njia, hata mgeni anayetafuta kanisa.

Kwa hiyo wale wawili walipofika, Kagure ndiye aliyepiga simu. Cucu alikuwa ameiweka sauti ya juu, kama kawaida yake, nami nikasikia yote.

"Wamekuja," Kagure alisema kwa Kikuyu, na alikuwa analia. "Gari jeusi, watu wawili. Wanamuulizia Anita wenu. Wanasema ni mambo ya kazi, Wakiuru, ni maneno yale yale. Nimewaambia simjui. Nimewapigia wote wa upande huu, hakuna atakayesema anamjua. Mfiche mtoto."

"Cucu, hao labda ni wa jeshi," nilisema.

"Na labda si wao."

"Wakiambiwa sijulikani nitakosa nafasi."

"Utakosa nafasi ukiwa hai," alisema, akanishika shingo ya sweta na kunisukuma stooni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sikubisha sana. Nitasema ukweli: nilipolisikia lile gari likipanda mlima, jeshi na uinjinia vilinitoka kichwani. Nilichotaka ni magunia yawe mengi zaidi.

Sasa walikuwa uani.

"Hujambo, shosho," alisema yule mwenye koti, kwa maana ya nyanya. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa upande wa ziwa. "Mimi naitwa Ogutu. Tunatafuta kwa kina Anita Wamucii Mwai."

"Hapa hakuna Anita," cucu alisema. Alikuwa amesimama katikati ya ua na jembe mkononi, ingawa hapakuwa na kitu cha kulima pale.

"Mzee aliye huko chini alitutuma huku. Halafu akasema hapana, amekosea."

"Huyo mzee amezeeka. Anasahau."

"Hii ni kadi yangu ya kazi, shosho. Ona."

"Hiyo kadi mimi sijui kusoma. Hata wale wengine walikuwa na kadi."

"Wengine gani?"

Kijana mwenye miwani alikuwa anazunguka ua taratibu, akatazama kamba ya nguo, na juu ya kamba ile kulikuwa na suruali yangu ya kukimbilia na soksi zangu. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na viazi.

"Unaishi na nani hapa?" Ogutu aliuliza.

"Mimi iko peke yangu. Mimi na ng'ombe."

Ogutu alimtazama ng'ombe wetu, aliyekuwa amefungwa karibu na stoo. Akacheka kidogo. "Ndiye huyu anayemwogopesha?"

"Ati nini?"

"Anita. Tulimuuliza ni kitu gani anachoogopa zaidi duniani, akasema ng'ombe. Mtu anataka kuwa afisa na anaogopa ng'ombe. Mkubwa wangu alicheka mpaka akavua kofia."

Nyuma ya magunia, nilikufa ganzi. Ni kweli. Nikiwa mdogo ng'ombe alinipiga teke akanivunja mbavu, na hadi leo siwezi kumkamua huyu wetu, ni cucu anayemkamua. Kule kwenye mahojiano sikuwa nimepanga kulisema, lilinitoka tu. Nyumbani sikumweleza mtu kwa sababu ya aibu. Waliolisikia ni wale maafisa peke yao.

Basi walikuwa watu wa jeshi. Mngedhani hofu ingeisha hapo. Haikuisha, iligeuka tu ikakaa upande mwingine. Maana picha ya maandamano ilikuwa bado inazunguka kwenye simu za watu, mimi na bango langu na mdomo wazi, na hakuna aliyeniambia kwamba mtu wa jeshi hawezi kuja kwa sababu mbili kwa safari moja.

"Haya, shosho," Ogutu alisema. "Tumeuliza kila boma kuanzia sokoni na kila mtu anasema hamjui. Hatuwezi kurudi tena. Nitasema hajulikani kwao, na mambo yake yatakuwa yameisha."

"Iishe," cucu alisema.

Akageuka. Kijana naye akageuka. Niliuona mgongo wa lile koti la kahawia ukielekea langoni, na nikajua kwamba ukitoka pale nitapalilia viazi vya watu mpaka nizeeke. Nilitaka kutoka na miguu ilikataa. Nikaitukana miguu yangu, kimoyomoyo, matusi ambayo cucu hajui kwamba ninayajua. Kisha nikausukuma mlango.

"Mimi hapa, afande."

Nilitoka na udongo kichwani mpaka kwenye magoti. Kabla sijafika mbali cucu alikuwa amenifikia na kunishika mkono juu kidogo ya kiwiko, na kucha zake ziliingia kwenye nyama.

"Huyu ni kibarua," alisema upesi. "Anachagua viazi. Hata jina lake sijui."

"Wewe ni nani?" Ogutu aliniuliza.

"Anita Wamucii Mwai."

"Kwa nini ulikuwa umejificha?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ng'ombe?"

"Niliwaogopa nyinyi," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

Hakucheka. "Unatuogopa, na unataka kuwa mmoja wetu."

"Nataka kusoma, afande. Na naogopa. Yote mawili."

Alitia mkono mfukoni. Cucu akanivuta nyuma. Lakini alitoa simu tu, akaigusagusa, akaigeuza nione. Nilikuwa mimi. Bango, mdomo wazi, na mbele yangu kisogo cha Kingori.

"Huyu ni wewe?"

Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Picha haikuwa safi sana, na hapa kwetu siku hiyo kukana watu ilikuwa imeshakuwa desturi. Lakini nilikuwa nimechoka kutetemeka.

"Ni mimi."

"Sawa," alisema, akairudisha simu mfukoni. Sawa tu. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu siku hiyo, na bado sijui mtu anawezaje kulisema bila kuonyesha liko upande gani.

Akamgeukia cucu. "Shosho, nakuuliza mara ya mwisho. Huyu msichana unamjua?"

Nilimtazama cucu. Nilimwambia kwa macho: ni wa jeshi, kweli ni wao, sema ndiyo. Yeye alinitazama usoni, uso aliouosha tangu nikiwa mchanga.

"Simjui," alisema.

Iliniuma. Nilijua kwa nini anasema hivyo na bado iliniuma mpaka machozi yakanitoka.

"Basi tutaenda naye kwa chifu," Ogutu alisema. "Lazima mtu mmoja wa hapa aniambie huyu ni nani. Ingia gari, Anita."

Ofisi ya chifu si mbali. Ukitoka kwetu na gari, kwenye njia panda unapinda kulia na umefika. Ukipinda kushoto ni barabara ya Mweiga, na baada ya hapo popote. Kijana mwenye miwani alifungua mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya viti vya ngozi. Vidole vya cucu nilivibandua kimoja kimoja. Nilitaka nafasi ile, na njia ya kuipata ilikuwa inapita ndani ya gari lile, hakukuwa na nyingine. Nikaingia. Kijana akafunga mlango, akaenda mbele, akawasha injini, na mimi nikaanza kusali sala ya watoto, ile ya kulala, kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimenitoka.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka. Cucu akapanda. Alipanda kwa shida, gambuti zake zimejaa matope, na jembe lake akaingia nalo likagonga paa. Akaketi karibu nami, akaushika tena ule mkono wangu, pale pale palipokuwa panauma.

Ogutu aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Shosho, si umesema humjui?"

"Simjui."

"Sasa unaenda wapi?"

"Mahali anaenda."

"Tunaenda hapo kwa chifu tu."

"Hata mtoto wa Kagure alikuwa anaenda hapo tu," cucu alisema. "Mimi ni mzee. Kama ni kutupwa, mtanitupa na mimi. Sitashuka."

Injini ilikuwa inanguruma chini yetu. Ogutu aliutazama mkono wa cucu juu ya mkono wangu, akaangalia na matope kwenye viti, kisha akamwambia kijana azime gari.

"Huyo Kagure ni yule mama wa boma la chini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Yule aliyekuwa analia?"

"Ni yeye," nilisema.

Alitazama nje, akajipangusa uso kwa kiganja. "Si sisi, shosho," alisema. "Najua huwezi kuniamini, na sina kitu cha kukuonyesha. Lakini si sisi."

Cucu alizidi kuukaza mkono wangu.

"Kwa chifu hakuna haja," Ogutu aliendelea. "Nilitumwa kuuliza kama huyu anajulikana kwao. Nimeona. Anita, utasikia kutoka kwetu. Shukeni."

Nilifungua mlango wangu. Cucu hakusogea.

"Shosho, tumemaliza. Shuka."

"Atashuka yeye kwanza," cucu alisema.

Nikashuka. Nikasimama kando ya gari nikimngoja, naye akanipungia jembe kupitia mlango uliokuwa wazi, nenda, nenda. Nikatembea kuelekea nyumbani nikigeuka kila hatua, na kila nilipogeuka niliona kichwa chake ndani ya lile giza, kimesimama wima kati ya wale wanaume wawili. Nikaingia nyumbani. Nikafunga mlango na kutia komeo kwa nguvu ili alisikie, na hapo ndipo na yeye aliposhuka.