Nazi ya Baba Mdogo Ojakol

Baba mdogo Ojakol alifanya kazi ya reli Mombasa miaka kumi na tisa, akaiacha, akarudi kwetu Malaba na kuanza kazi nyingine: kuhadithia Mombasa. Alihadithia wazee wakinywa ajono, maana kwenye chungu cha pombe hakuna anayeweza kukimbia, mrija uko mdomoni.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa Julai, wazee walichoka. Jirani yetu Emukule akamwambia hata huo mnazi anaousifu pengine ni uongo. Baba mdogo akaapa kuuotesha hapohapo uani. Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, sina kazi ila kuchochea, nikapendekeza masharti: nazi isipochipua kufikia Krismasi, Mombasa isitajwe tena chunguni. Ikichipua, Emukule asikilize hadithi yote bila kukatiza. Wakapeana mikono. Uso wa baba mdogo ulibadilika kidogo. Mnyime mtu huyo Mombasa, utakuwa umembakishia kofia na masharubu tu.

Alinunua nazi kwenye duka moja la Busia, imeshafuliwa makumbi, kama kichwa kilichonyolewa na wembe butu. Akaitikisa sikioni, maji yakaitikia. Kisha akachimba shimo la kufika kiunoni, akamwaga samadi, akaishusha na kuifukia. Kumbe mtu anaweza kula wali wa nazi miaka kumi na tisa asione nazi ikipandwa hata siku moja.

Agosti ikaisha, kimya. Kila asubuhi Emukule alipita kutoa pole, kofia mkononi. Baba mdogo akaacha kumaliza chakula chake. Hapo masihara yakaniishia, maana mtego ule niliutega mimi. Nikachukua jembe, nikaifukua.

Mkewe, mama mdogo Amoding, ndiye aliyekuwa akipika hiyo ajono. Alinikuta na nazi yenye matope, akaitikisa. Maji yalikuwa bado yamo.

"Wewe msomi," akasema, "nani aliwaambia mzike kitu kabla hakijazaliwa?"

Nikamwuliza yeye angefanyaje. Akanionyesha wimbi lake la kimea: huliloweka, hulifunga kwa majani ya mgomba na gunia, huliweka karibu na meko lipate joto, nalo huota lenyewe.

"Hii nayo ni punje tu," akasema. "Imenenepa kidogo."

Basi nazi ikalowekwa siku tatu, ikafungwa gunia bichi, ikalazwa kando ya meko kama mgeni mwenye homa. Baba mdogo alikuja kuichungulia kila saa hadi mama mdogo akamwinulia mwiko.

Wiki moja kabla ya Krismasi, mchana, wazee wakiwa chunguni, Amoding akalileta lile gunia na kulifungua mbele yao. Kwenye jicho moja la nazi palikuwa pametokeza kitu cheupe, kinene kama kidole gumba, ncha yake kijani.

Emukule alikivuta aone kama kimebandikwa kwa gundi. Hakikutoka. Baba mdogo alicheka mpaka machozi, akamshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo pale kwetu halikuwa limewahi kuonekana. Kisha akaketi, akavuta mrija wake.

"Haya, anza," akasema Emukule. "Lakini anzia karibu na mwisho."

"Nilipanda treni hapa Malaba," akaanza baba mdogo, "nikiwa na sanduku moja la mbao."

Maji ya moto yaliongezwa chunguni mara tatu. Jua lilipotua, treni ilikuwa bado haijafika Bungoma.