Mwanabaraka wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Asubuhi ya Jumanne, Bi Mwanabaraka binti Othman alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi ya pili, Sheha alipobisha hodi na ripoti ya mradi wa maji mkononi. Alikuwa ametoka nayo kwenye mkutano, na kwa kuwa ndani yake mlitajwa mtu wa kijijini kwake, aliona ni adabu kumsomea mwenyewe. Alisafisha koo, akafungua ukurasa wa kumi na nne.

Ripoti ilisema kwamba Bi Mwanabaraka binti Othman, mkulima wa kijiji kimoja kando ya Wingwi, sasa ana bomba jikoni kwake linalotoa maji safi mchana na usiku, na kwamba muda aliokuwa akiupoteza kisimani anautumia kushonea watu nguo. Chini palikuwa na picha. Mwanabaraka aliikumbuka. Mwaka uliopita alikuja bwana mmoja na bomba ndani ya mkoba, akalichomeka kwenye mchanga mbele ya nyumba, akamwambia alishike na acheke kidogo. Picha ilipokwisha alilichomoa, akalifunga kwenye gazeti, akaenda nalo kijiji kinachofuata.

"Mie bomba sina, Bwana Sheha."

"Najua, Bi Mwanabaraka. Lakini ripoti imeshapita," alisema Sheha, akaomba maji ya kunywa. Alipewa nusu kikombe, maana ndoo ilikuwa ya jana na kisima kiko mwendo wa dakika arubaini.

Alhamisi nyumba ilikuwepo ng'ambo ya njia. Ilikuwa ya matofali, bati jekundu, na ndani alikaa Mwanabaraka wa ripoti na cherehani yake. Majirani walikwenda kumkaribisha na sahani ya mkate wa kumimina. Lalamiko lilikuwa moja tu, la mzee mmoja ambaye mbuzi wake walizoea kupita pale.

Sura ilikuwa ile ile, hata kovu la kidevuni. Lakini yule wa ripoti alikuwa na shingo iliyonyooka na viganja laini, na utosini hakuwa na ule upara mdogo unaoachwa na ndoo. Mwanabaraka wa kisimani aliuona utosi huo mwenzake alipoinama kuokota sindano, akarudi kwake bila kumaliza chai.

Jecha, mumewe, alikwenda kwa imamu kuuliza. Imamu alifungua daftari la ndoa, akakuta jina ni lile, baba ni yule na mahari ni yale yale. Akasema nikaha haina haja ya kurudiwa, ila zamu lazima ziwe za haki: siku mbili huku, siku mbili kule. Jecha ni mtu mwenye kuogopa dhambi. Hakuwahi kuchelewa zamu hata moja, hasa zile za ng'ambo.

Alikuwa akirudi na kanzu imepigwa pasi, ananukia sabuni mpaka masikioni.

"Miaka kumi na tisa nimekaa nawe," Mwanabaraka alimwambia, "kumbe rangi yako maji ya kunde."

Jecha alikuwa anatafuta pa kukaa pasipo na vumbi.

Hata hivyo, kilichomuuma zaidi Mwanabaraka si kanzu. Ni mlio wa bomba. Lilipofunguliwa jikoni kule, yeye alilisikia akiwa shambani, akiwa chooni, hata akiwa kwenye sijda. Alijua linapofunguliwa kwa ajili ya vyombo na linapofunguliwa kwa upuuzi tu. Siku moja alimshuhudia mwenzake akiosha mawe ya mlangoni, jiwe moja moja, na siku hiyo hakula.

Mwishowe alimeza wivu wake, akavuka na ndoo. Mwanabaraka wa ripoti hakuwa mchoyo. Aliijaza pomoni, akamsaidia kujitwisha. Katikati ya njia ndoo ilianza kuwa nyepesi, na alipofika kwake ilikuwa tupu na kavu. Alijaribu kwa birika, akajaribu kwa sufuria yenye kifuniko. Kijiji kizima kilijaribu. Maji yale hayakuwa na ruhusa ya kutoka nje ya ripoti. Usafi wa Jecha ulivuka njia bila taabu, maji hayakuvuka.

Mwezi wa Aprili alipanda gari akaenda afisi ya mradi. Karani alimtafuta kwenye kompyuta, akampata mara moja.

"Bi Mwanabaraka, hapa umeridhika."

"Aliyeridhika ni yule."

"Jina si lako?"

"Langu."

"Basi umeridhika," alisema karani kwa upole, akampa fomu ya malalamiko kwa vile alikuwa ametoka mbali.

Baada ya wiki saba ilikuja tume ya watu watatu. Walianza nyumba ya ng'ambo, wakanawa mikono, wakala halua na kahawa, wakanawa tena. Kisha mkuu wao, Bi Khairat, alivuka njia na kalamu yake.

"Sema, Bi Mwanabaraka. Unataka nini hasa?"

"Nataka alichonacho yule."

"Yule ni wewe."

"Basi mbona namwonea wivu?"

Bi Khairat alipekua fomu mbele na nyuma kutafuta mahali pa kuandika wivu. Hapakuwapo. Akaandika kwenye sehemu ya Mengineyo.

Haikupita siku kumi, Sheha alibisha hodi tena. Ripoti mpya, ukurasa wa tisa, ilisema kwamba lalamiko la Bi Mwanabaraka binti Othman limeshughulikiwa kikamilifu, na kwamba sasa ana tangi la lita elfu mbili juu ya bati na bafu lenye vigae. Sheha hakuomba maji safari hii. Aliondoka akiwa amejikaza na kiu yake.

Ijumaa nyumba ya tatu ilikuwepo, nyuma kidogo ya ile ya pili. Imamu alifungua daftari lile lile. Jecha akawa anapita njiani na taulo begani, na huku kwa wa kisimani akawa anafika siku mbili katika kila sita, amechoka kwa kuoga.

Tarehe thelathini Juni mwaka wa serikali ulifungwa, na ripoti ya kwanza ikawekwa kabatini. Tarehe mosi Julai, alfajiri, bomba la nyumba ya pili lilikohoa mara mbili likanyamaza. Mwanabaraka wa ripoti alilisubiri mpaka jua likawa kali. Kisha alivuka njia, birika tupu mkononi, akasimama mlangoni.

"Mwenzangu, kisima kiko wapi?"

Mwanabaraka wa kisimani alimwangalia vile viganja. Alimkaribisha, na wote wawili wakakaa barazani, wakisikiliza maji ya nyumba ya tatu.

"Anaoga mara tatu kwa siku, yule," alisema wa ripoti.

"Nne," alisema wa kisimani. "Na hiyo anayofungua sasa ni ya tano."

Ndani kulikuwa na ndoo mbili, moja ya lita kumi na moja ya ishirini. Mwanabaraka wa kisimani alijichukulia ile ndogo.