Jiko Lililotumwa Kigali

Munyemana alipotangaza kwamba majiko yanayotoka ng'ambo yameondolewa ushuru, wanawake waliojaa kwenye ukumbi wa sekta ya Butare, karibu na mpaka wa Bukavu, walipiga makofi, na Mukandekezi akapiga kwa nguvu kuliko wengine. Hakuwa ameelewa. Munyemana, afisa biashara wa wilaya, alikuwa kijana wa sauti ya upole, na alikuwa ameanzia mbali: jinsi msitu wa Nyungwe unavyogeuzwa makaa, jinsi moshi unavyowaharibu akina mama vifua, jinsi nchi ilivyoamua kwamba biashara yake nayo ilinde miti. Kinachochafua kitatozwa, kinachookoa kitapita bure. Mukandekezi aliposikia "majiko yanayokula makaa kidogo" alidhani anasemwa yeye. Nani mwingine? Tangu aolewe Butare alikuwa akifinyanga mbabula, majiko ya udongo yenye kuta nene na tumbo dogo, na gunia la makaa ambalo kwenye jiko la bati lilikwisha upesi, kwenye mbabula yake lilikaa mpaka watu wakasahau lilinunuliwa lini.

Aliyemfungua macho ni Joséphine, mchuuzi wa Bukavu, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika soko zima. Kila wiki alikuja kununua majiko kwa Mukandekezi na kuyavusha mpakani kwenda kuyauza kwao. Siku hiyo alimkuta anakanda udongo pamoja na majirani zake wanaofinyanga naye. Akasikiliza habari za mkutano mpaka mwisho, kisha akajiweka juu ya gogo taratibu.

"Na weye, Maman, ulipiga makofi?"

"Nilipiga."

"Basi ulipigia makofi kilio yako mwenyewe. Yale majiko ya inje itaingia bure, itauzwa bei ya chini. Ya kwako, je? Iko na alama?"

"Alama gani?"

"Alama ya Kigali. Mie nimesikia kwa bantu ba duane, bale ba ushuru, pale ku daraja ya mpaka. Jiko yenye haina alama haitavuka tena, na ku soko ya Kamembe habataiacha iuzwe."

Wanawake waliokuwa wakikanda waliacha mikono ndani ya udongo, wakamtazama Mukandekezi, kana kwamba yeye ndiye aliyeitunga sheria hiyo.

Alikwenda kumwona Munyemana asubuhi iliyofuata. Kijana alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, na wala hakumficha jambo. Ni kweli, alisema, alama inatakiwa. Lakini sheria haikuwatupa wafinyanzi wa nyumbani. Kila kikundi kitaleta jiko moja, litapelekwa Kigali, litachomwa moto kwenye maabara na kupimwa linakula makaa kiasi gani na kutoa moshi kiasi gani. Likifaulu, Mukandekezi na wenzake watauza popote, hata ng'ambo ya mpaka. Lisipofaulu, Munyemana alisita, basi sheria ni sheria.

Mukandekezi alirudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Kwa kupimwa hakuwa na hofu. Alichagua udongo wa chini kabisa bondeni, ule mweusi usio na changarawe, akaupepeta na kuukanda mwenyewe bila kumwachia mtu. Alilifinyanga jiko polepole, akalisugua kwa kokoto ya mtoni hadi likang'aa kama ngozi ya mtoto aliyepakwa mafuta, kisha mdomoni akalizungushia mkufu wa nukta ndogo. Lilipotoka tanuruni lilikuwa jekundu, na likigongwa kwa kidole lililia kama kengele. Majirani walikuja kulitazama, wakaligonga tena na tena.

Joséphine naye alilitazama. Akalizunguka, akainama, akachungulia ndani.

"Ni zuri," alisema. "Lakini ile ya ku jikoni yako ndiyo utume. Ile imeshazoea moto."

"Lile lenye masizi?"

"Ndiyo ile."

"Joséphine, una akili kweli? Niwapelekee wakubwa wa Kigali jiko nililopikia maharage? Hata kwenu, bibi harusi anapelekewa chungu kilichokwisha kutumika?"

"Bale habakuje kuoa, Maman. Banakuja kuchoma."

Wanawake walicheka, na Mukandekezi akacheka nao, lakini shauri hilo hakulichukua. Mgeni hapewi kitu chenye masizi. Hilo alilinyonya kwa mama yake. Na kila aliyewahi kununua mbabula alijua kwamba jiko jipya huamshwa kwanza. Unaliwashia majani makavu ya mgomba na vipande viwili vitatu vya makaa, unaliacha lipoe. Kesho unaongeza kidogo. Udongo unatoa jasho lake, unatulia, ndipo unaweka moto wa kupikia. Jambo hilo hakuna anayeambiwa, kama vile hakuna anayeambiwa kwamba uji wa moto unapulizwa.

Munyemana alipokuja kulichukua, alitoa simu akalipiga picha pande zote. "Hili hata sebuleni ningeliweka," alisema, na alikuwa anasema kweli. Mukandekezi alilifunga katika kitenge chake kizuri na kulikalisha nyuma ya gari. Hapo maneno yalimfika ulimini: mwanangu, waambie waliamshe. Lakini alimwona amevaa shati jeupe, kalamu mfukoni, na watu wamezunguka wanasikiliza. Aone aibu kijana wa watu, afundishwe kuwasha moto mbele ya majirani? Akayameza maneno. "Safari njema," alimwambia.

Matokeo yalipotoka, Munyemana hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, na alipokataa kiti alichopewa, akakaa kwenye gogo, Mukandekezi alijua.

"Walilijaza makaa, Mama. Wakaweka sufuria ya maji juu yake. Lilifuka moshi, likanyonya moto wote lenyewe, maji yakakawia. Mwisho likapasuka kuanzia mdomoni mpaka chini."

"Hawakuliamsha."

"Kuliamsha ndiyo nini?"

Alimweleza. Alimweleza kila kitu, majani ya mgomba na jasho la udongo, na kadiri alivyoeleza ndivyo Munyemana alivyozidi kuinamisha kichwa.

"Ungeniambia, Mama. Ningewaambia, na wangefuata. Wale hawana neno, wanafuata maelezo ya mwenye jiko."

Hakumlaumu. Laiti angemlaumu, Mukandekezi angepata pa kushika hasira. Alimuuliza kama anaweza kutuma jingine. Munyemana alisema zamu ya majiko ya wafinyanzi kupimwa imefungwa na nyingine haijapangwa, na majiko ya ng'ambo yameshashushwa Kamembe, kontena zima.

"Mnaweza kungoja?" aliuliza.

Mukandekezi aliwatazama wanawake, mikono yao myeupe kwa udongo uliokauka. Wenye watoto wa kulisha wangoje nini?

Wiki ile Joséphine alijaribu kuvuka na mzigo wake wa mwisho akarudishwa darajani. Aliyaleta majiko mpaka Butare, akayapanga ukutani moja moja, bila kicheko. Alipokuja tena hakuja kununua. Kichwani alikuwa na boksi lenye picha ya jiko jeusi linalong'aa.

"Ku duane hii inapita bila neno," alisema. "Minafanya nini, Maman? Batoto banataka kula."

"Najua."

"Usinichukie."

"Sikuchukii. Ulinishauri, nikakataa. Tua mzigo unywe maji."

Joséphine alitua, akanywa, na wote wawili wakaepuka kulitazama lile boksi, kama watu wanaoepuka kumtazama mume wa mtu.

Halafu Munyemana akaja na ombi. Majiko yatazinduliwa sokoni Kamembe. Akina mama wanayaogopa, hawayajui, lakini Mukandekezi wanamjua. Angekubali kuyawasha mbele yao? Aliomba kwa unyenyekevu, macho chini, na alisema kwamba akikataa ataelewa.

Alikubali. Hakumwambia kwamba alitaka kuliona lile jiko likiaibika. Alitaka kuujua ubovu wake kwa mikono yake mwenyewe, na aliamini ataupata, kwa sababu hakuna jiko lisilo na ubovu.

Sokoni walikuwa wametandika turubai na kupanga majiko juu yake. Walimvika fulana yenye picha ya mti. Mukandekezi alitia makaa kiganja kimoja tu, kwa makusudi, akakoka. Moto ukashika mara moja. Alingoja moshi, usije. Akabandika sufuria, akaweka kiganja ubavuni mwa jiko akitafuta mahali panapovuja joto, akahama kidogo, akatafuta tena. Ubavu ulikuwa baridi. Maji yakaanza kulia. Aliinama akachungulia ndani kwa muda mrefu, watu wakadhani anawaonyesha namna ya kuchungulia.

Niyonsenga alisogea mbele. Alikuwa mama lishe pale sokoni, na alikuwa amepikia mbabula za Mukandekezi tangu biashara yake iwe ya ndizi za kuchoma.

"Mama, hawa mimi siwajui, wamekuja na magari," alisema, bila kupunguza sauti. "Wewe hujawahi kunidanganya. Niambie: hili na lako, lipi?"

Munyemana alitazama viatu vyake. Mukandekezi aliwaona wenzake wa Butare, ambao asubuhi hiyo pia walikuwa wamekwenda bondeni kuchimba udongo, kwa sababu hakuwa amewaambia wasiende. Neno moja lingetosha. Angesema, hili litakufa mwaka haujaisha, na wote wangemwamini, na majiko hayo yangelala palepale.

Maji yalikuwa yanachemka.

"Chukua hili," alisema. "Halina moshi."

Niyonsenga alifungua fundo la kitenge akatoa pesa. Nyuma yake mwingine akasogea, na mwingine, wakaanza kusukumana.

"Na yako, siku tukiyataka, tutayapata wapi?" mmoja aliuliza.

"Hamtayataka," Mukandekezi alijibu, akainama kuwasha jingine.